Kumwandaa Mwalimu wa Usemi na Lafudhi: Funzo kwa Kiswahili

Wahenga walinena kuwa jogoo wa shamba hawiki mjini. Ukweli wa methali hii hudhihirika kila mwanafunzi anapochekwa darasani kwa kutamka *lala* kama *rara*, au *shamba* kama *samba*. Kicheko hicho humfunza kunyamaza; hakimfunzi kutamka. Lakini je, mwalimu wake naye alifunzwa kumsaidia? Makala haya yanafafanua jinsi mwalimu wa usemi na lafudhi anavyoandaliwa hadi kupata ithibati, yakirejelea mfumo mmoja wa Marekani, kisha yanadondoa funzo kwa walimu wa Kiswahili.

Taaluma hii imejengwa juu ya fonetiki, hasa baada ya Jumuiya ya Kimataifa ya Fonetiki kuasisiwa jijini Paris mwaka wa 1886. Huko Marekani, William Tilly, mzaliwa wa Australia, alianza kufundisha fonetiki katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka wa 1918. Tilly alishikilia lafudhi moja ya Kiingereza aliyoiona kuwa bora kuliko nyingine zote. Mwanafunzi wake, Edith Skinner, aliieneza miongoni mwa waigizaji, hususan kupitia kitabu chake *Speak with Distinction* cha mwaka wa 1942. Kwa miongo mingi, kufunzwa usemi kulimaanisha kuvuliwa lafudhi ya nyumbani na kuvikwa nyingine.

Mtazamo huo ulipingwa na Dudley Knight, aliyefariki mwaka wa 2013, pamoja na Philip Thompson, wote wahadhiri wa maigizo katika Chuo Kikuu cha California, Irvine. Mfumo wao, Knight-Thompson Speechwork, haukubali kuwa kuna lafudhi iliyo bora kwa maumbile yake. Kigezo chake ni iwapo msikilizaji anaelewa, na iwapo msemaji ana uwezo wa kuchagua namna ya kusema kulingana na muktadha.

Anayetaka ithibati ya kufundisha mfumo huu hupitia kwanza kozi za msingi za usemi na lafudhi, ndipo ajiunge na mafunzo ya ualimu. Katika hatua ya awali huchunguza ala za matamshi kwenye kinywa chake mwenyewe: taya, midomo, ulimi, kaakaa laini na nyuzi za sauti. Hujifunza kukisogeza kila kiungo pekee kabla ya kupewa alama yoyote ya kifonetiki. Kisha huzungumza kwa Omnish, usemi wa kubuni usio na maneno wala sarufi, unaotumia sauti zote ambazo kinywa cha binadamu kinaweza kutoa. Kwa njia hii, sauti ngeni huacha kuwa kitu cha kuaibikia na kuwa kitu cha kuchezea. Alama za kifonetiki hufuata baadaye, zikiwa majina ya vitendo ambavyo mwili umekwisha kuvizoea.

Katika hatua ya lafudhi, mwanagenzi huchunguza mambo manne: watu wanaoitumia na historia yao, kiimbo, shadda na mdundo, mkao wa jumla wa ala za matamshi, na matamshi ya sauti mojamoja. Watu hawasahauliki, kwa kuwa lafudhi isiyo na wenyewe hugeuka dhihaka. Hatimaye, mwanagenzi hudhihirisha kuwa anaweza kumfunza mwingine, si kutamka tu yeye mwenyewe.

Je, haya yana faida gani kwa Kiswahili? Kwanza, yanatenga utambuzi wa tatizo na lawama. Gikuyu haitofautishi kitambaza /l/ na kimadende /r/, na sauti [b] hutokea humo baada ya nazali tu. Ndiyo sababu *mabati* huweza kuwa *mambati*. Katika Kikalenjin, ughuna haupambanui vipasuo. Hivyo *gari* husikika kama *kari*. Dholuo haina /ʃ/, na kwa hiyo *shamba* huwa *samba*. Mwalimu anayeyajua haya hatosheki kusema "rudia tena". Humwonyesha mwanafunzi kuwa katika /l/ ncha ya ulimi hugandama kwenye ufizi huku hewa ikipita pembeni, ilhali katika /r/ ncha hiyo hupigapiga ufizi na kuachia. Kwa ughuna, humwambia aguse koo lake ahisi mtetemo.

Pili, yanasaidia kupambanua kinachovuruga maana na kinachotambulisha tu asili ya msemaji. Anayechanganya *mahali* na *mahari*, au *kula* na *kura*, anahitaji msaada. Anayeeleweka vyema, ingawa kiimbo chake kinaitambulisha jamii yake, hana kosa la kusahihishwa.

Tatu, usanifu wenyewe una historia. Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika kikao cha Mombasa cha mwaka wa 1928, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaundwa mwaka wa 1930. Msemaji wa Kimvita hutofautisha *paa* mnyama, kwa mpumuo, na *paa* la nyumba, bila mpumuo. Maandishi sanifu hayaonyeshi tofauti hiyo. Mwalimu asiye na mafunzo huenda akamsahihisha mzawa wa lugha kwa jambo ambalo mzawa analijua kumliko.

Chini ya mfumo wa 8-4-4, mtihani wa Kiswahili wa KCSE umekuwa na karatasi tatu, zote za kuandika. Lisilotahiniwa halikosi kupuuzwa. Hata chuoni, mwanafunzi anayeweza kuchora ala za matamshi na kuzitaja sifa za kila konsonanti si lazima awe anaweza kuisikia sauti iliyokosewa na kuirekebisha. Fonetiki ya mwalimu mtarajiwa haina budi kupimwa kwa sikio na kinywa, sambamba na kalamu: asikilize sauti na kuinukuu, aeleze chanzo cha tatizo, kisha amwongoze mwenzake hadi aitamke. Hayo hayahitaji maabara ya gharama kubwa. Yanahitaji kioo kidogo, sikio lililozoezwa, na darasa ambamo hakuna anayechekwa.