Kiunzi cha Mwanasesere Hukazwa Kuanzia Kifundoni

Ukipata nafasi ya kuitazama King Kong ya mwaka 1933, angalia manyoya ya sokwe yule. Yanatikisika muda wote, na studioni hakukuwa na upepo. Ni alama za vidole vya Willis O'Brien na wenzake: walimshika mwanasesere wa sentimita 46 hivi, wakamsogeza kidogo, wakapiga picha, wakamshika tena. Filamu hutaka picha 24 kwa kila sekunde. Chini ya ngozi ya sungura na mpira kulikuwa na kiunzi cha metali chenye viungo, kazi ya Marcel Delgado.

Kiungo cha namna hiyo kinatakiwa kukubali kusukumwa kwa kidole kimoja, na kidole kikiondoka kibaki palepale. Waya wa aluminiamu unamfaa anayeanza, ila ukipindwa hurudi kidogo, na ukikunjwa mara kwa mara mahali pamoja hukatika, kwa kawaida kiwikoni, tena katikati ya tukio.

Ndiyo maana mafundi hutumia gololi. Vibati viwili vya shaba ya manjano au chuma cha pua hutobolewa matundu, gololi mbili zikabanwa kati yake, moja kila ncha, na skrubu ikapita katikati. Tundu liwe dogo kuliko gololi: ya milimita 6 ikalie tundu la milimita 5 hivi, iguse ukingo wote wa duara bila kupenya. Kinachoshika hapo ni msuguano tu, kwa hiyo anayepaka grisi anajiharibia mwenyewe.

Jasho lenyewe liko kwenye gololi. Zile za beringi zimekomazwa kiwandani. Ncha ya keekee huteleza juu yake mpaka iishe makali. Ipashe gololi moto iwe nyekundu, ifukie kwenye majivu makavu ipoe polepole, na hapo itatoboka. Chomeka kijiti cha chuma, paka boraksi, lehemu kwa fedha, kisha isugue ing'are. Utando mweusi wa moto ukibaki, kiungo kitakwaruza na kusogea kwa kurukaruka. Goti na vidole havihitaji usumbufu huu. Bawaba inatosha, na inalizuia goti kupinda kando.

Wengi wakishamaliza kuunganisha hukaza skrubu zote sawasawa, na hapo ndipo mwanasesere anapoanza kuinama peke yake. Chukua mkono wa gramu 60 ulionyooshwa mbele, uzito wake ukiwa umekusanyika sentimita 8 kutoka begani. Sehemu ya chini ya kiwiko ina gramu 25, sentimita 4 kutoka kiwikoni. Zidisha: 480 dhidi ya 100. Bega linabeba karibu mara tano ya kiwiko, na kifundo cha mguu hubeba mwili mzima. Basi kifundo kikazwe kuliko vyote, ifuate nyonga, halafu kiuno, ukilegeza kadiri unavyoelekea vidoleni. Hata hivyo nati ifichwe wayoni, skrubu itokee chini ya meza, la sivyo hatua ya kwanza tu ataanguka.

Mhuishaji Ray Harryhausen alikabiliwa na mtihani mkubwa zaidi katika Jason and the Argonauts ya mwaka 1963: mifupa saba inayopigana, isiyo na nyama ya kuficha viungo vinene. Viunzi vyake vingi vilitengenezwa na baba yake, Fred, fundi wa mitambo, kwa kufuata michoro ya mwanawe. Pigano lile la dakika chache lilichukua takriban miezi minne na nusu.

Kazi ya muda kama huo hulegeza kiungo chochote. Kwa hiyo kabla ya kumvika ngozi ya silikoni amua vichwa vya skrubu vitaelekea wapi, kwapani au nyuma ya goti, na uache tundu dogo la kupitisha alenki.