Dizeli za chumbani Sur: Riali 400 kwa kichwa cha treni cha kuchezea?

SUR, Oman – Msomaji wetu akisikia jina la Sur hufikiri majahazi, na hakosei. Mji huu, kiasi cha kilomita 200 kutoka Maskati kwa njia ya pwani, ndio uliounda vyombo vilivyokuwa vikishuka na kaskazi mpaka Lamu, Mombasa, Unguja na Rufiji, vikirudi na boriti. Fatah al-Khair, chombo kilichoundwa hapa mwaka 1951, leo kimesimama nchi kavu baada ya watu wa Sur kukirejesha kutoka Yemen mwaka 1993. Sisi nasi tulikwenda kwa ajili ya vyombo hivyo. Tulitaka kuandika juu ya mafundi.

Tukaishia kwenye treni.

Ilikuwa hivi. Baada ya sala ya alasiri tulikuwa tumekaa karibu na ghuba ya al-Batah tukinywa chai ya maziwa, tukisema Kiswahili chetu, na mzee mmoja wa meza ya pili akageuka akauliza, "Nyinyi wa wapi, wanangu?" Tukamwambia. Yeye akasema ni wa hapa hapa Sur, lakini amezaliwa Nakuru. Baba yake alikwenda Mombasa kwa jahazi akiwa kijana, akapanda bara, akafungua duka karibu na stesheni. Mzee aliondoka Kenya mwaka 1974, wakati Waomani wengi wa Afrika Mashariki walipokuwa wakirudi baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Ana miaka 77 sasa na anaishi kwa pensheni. Hakutaka jina lake litajwe, na tumemheshimu.

"Ami, Nakuru unakumbuka nini?" tukamuuliza.

"Dizeli," akasema. "Njooni nyumbani muione."

Nchi hii haina treni ya abiria. Reli ya Hafeet, ya kilomita 238, inajengwa kati ya Suhar na Abu Dhabi, mbali na Sur. Kwa hiyo tulidhani tunakwenda kuonyeshwa picha. Tulipofunguliwa mlango wa chumba cha nyuma tulikuta meza ya umbo la herufi L, reli mbili za mzunguko, stesheni, tangi la maji, miti ya plastiki, na vichwa 14 vya treni za dizeli vimepangwa kama askari. Vyote ni vya kipimo cha 1 kwa 76, na reli yake ina upana wa milimita 16.5.

Vingi ni vya Kiingereza, na si kwa bahati. Kampuni ya English Electric iliyoiuzia shirika la reli la Afrika Mashariki dizeli za mistari ya Kenya na Uganda kuanzia mwaka 1960 ndiyo hiyo hiyo iliyounda Class 37 za Uingereza, ambazo nazo zilianza kutoka mwaka 1960 zikafika 309. Mzee alikuwa mtoto wa miaka kama 12 dizeli zilipoanza kuwanyang'anya kazi Garratt za moshi pale Nakuru. Kichwa cha Nakuru hakiuzwi dukani. Class 37 inauzwa, na kwa sikio lake ni ndugu wa baba mmoja.

Sasa tuingie kwenye mzozo wenyewe, maana nyumba ile ina mzozo.

Mzee anaendesha treni zake kwa njia ya zamani. Kontrola moja inapeleka umeme kwenye reli, kuanzia sifuri mpaka volti 12. Ukiongeza volti treni inakwenda mbio, ukigeuza chanya na hasi inarudi nyuma. Njia hii ni rahisi, haina siri, na ina kasoro moja kubwa: amri inapewa reli, haipewi treni. Ukiweka vichwa viwili juu ya reli moja vitaondoka vyote pamoja. Ili kimoja kisubiri lazima reli ikatwe vipande na kila kipande kiwe na swichi yake. Mzee ana swichi 11 ukutani, na vidole vyake siku hizi vinatetemeka.

Mjukuu wake wa miaka 16 anataka babu ahamie kwenye mfumo wa kidijitali. Katika mfumo huo, uliotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani na kukubaliwa kuwa kipimo cha pamoja na chama cha wapenzi wa reli ndogo cha Marekani, NMRA, katika miaka ya 1990, reli hubaki na umeme kamili wakati wote. Ndani ya kila kichwa kunatiwa kidude kinachoitwa dikoda, chenye namba yake. Ukiita namba 37, kinaitika 37 peke yake, vingine vinakaa kimya. Taa zinawaka treni ikiwa imesimama. Unaweza kufunga vichwa viwili kwenye mzigo mmoja vikavuta kama kimoja. Na dikoda ya sauti inanguruma kama dizeli ya kweli: injini inapanda kabla magurudumu hayajazunguka, kisha inashuka treni inapoteleza kwa uzito wake.

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma mzee. Anasema Nakuru ulisikia kichwa kinajikaza kwanza, ndipo mabehewa yakagongana mgongo, moja baada ya jingine. Kwenye meza yake treni huondoka kimyakimya kama paka.

Lakini kuna bei. Tulikaa naye na kalamu, na hesabu ikawa hivi. Dikoda ya kawaida isiyo na sauti inauzwa Uingereza kwa bei inayofika riali 13 au 15. Kwa vichwa 14 ni karibu riali 200. Kontrola ya kidijitali iliyo na maana ni kama riali 110. Akitaka sauti kwenye vichwa viwili tu, kila dikoda ya sauti ni kama riali 55, kwa hiyo aongeze 80 nyingine. Tia nauli ya posta na ushuru, umevuka riali 400. Hizo ni zaidi ya dola 1,000, na mama wa nyumba, ambaye alikuwa akitusikiliza mlangoni na sinia ya halua, alisema kwa Kiswahili safi cha Mombasa kwamba kiyoyozi cha chumba cha wageni kimekufa tangu mwezi wa sita.

Si hoja ya mzaha. Joto la Sur linajulikana, na hata reli ndogo hulisikia: mzee huacha upenyo kati ya vipande, la sivyo vinatanuka na kuinuka. Hewa ya chumvi nayo inafanya utando juu ya reli, treni ikawa inashtuka-shtuka. Wengi hudhani kontrola mbovu wakanunua mpya, kumbe uchafu. Siku ile ile tulifuta reli na magurudumu kwa kitambaa na spiriti, na vichwa vitatu ambavyo mzee alikuwa amevihukumu vimekufa vikaondoka. Gharama haikufika hata riali moja.

Kisha tukavifungua vichwa, maana bei ya dikoda si bei yote. Vichwa 9 vya miaka ya karibuni vina soketi ndani, yaani unachomoa kizibo na kuchomeka dikoda, dakika 10. Hapa dizeli ina neema kuliko treni ya moshi: boneti lake ni pana, spika inaingia bila taabu, na kwa kawaida magurudumu mengi zaidi hushika umeme. Vile 5 vya zamani havina soketi. Mota yake moja ya kaboni imegusana na chasisi, na usipoitenga kabla ya kuunga dikoda, umeme utarudi njia isiyo yake na dikoda itaungua. Isitoshe, mota za kale zina ulafi. Tulichukua mita, tukaishika mota ya kichwa kimoja isizunguke huku tukiipa volti 12, ikavuta ampea 1.4. Dikoda nyingi ndogo huhimili kiasi cha ampea moja tu. Kichwa hicho hakifai, hata ukipewa dikoda bure.

Mjukuu hakupenda hukumu hii. Alikuwa amekwisha kuona video zote.

Sisi si mafundi wa reli. Tunaoishi ugenini kwa sababu ya kalamu hujifunza kuhesabu tu, kwani kila kitu tunanunua mara mbili: mara kwa fedha, mara kwa nauli. Kwa hivyo tulitoa rai yetu, na tunaiweka hapa kwa msomaji wa Toronto au Tanga mwenye meza kama hii. Kuhamisha vichwa vyote 14 ni kupoteza. Mtu mmoja ana mikono miwili. Hata stesheni ya Nakuru chumbani haina kazi ya vichwa zaidi ya vitatu au vinne kwa wakati mmoja. Afadhali vichwa vichache vinavyotii kuliko kikosi kizima kinachosimama rafuni na dikoda tumboni.

Iko na njia ya katikati. Miaka hii ya karibuni zimetoka dikoda zinazopokea amri kwa blutuuthi moja kwa moja kutoka kwenye simu; Hornby ya Uingereza ni mmoja wa wanaoziuza. Zile za sauti ni kama riali 35 mpaka 40, na huhitaji kontrola kuu, bali umeme ulio thabiti tu kwenye reli. Tatu kwa vichwa vitatu bora ni riali 120 hivi. Tahadhari iko moja, na ni kubwa: reli ikishapewa umeme kamili, usithubutu kuweka juu yake kichwa cha zamani. Kitaruka kama mshale mpaka sakafuni. Bahati nzuri mzee ana mizunguko miwili. Wa nje uwe wa simu, wa ndani ubaki na kontrola ya kale na vichwa vilivyobaki, na kati yao pasiwe na njia ya kuvukia mpaka iwekwe swichi ya kutenga.

Mzee alinyamaza muda. Kisha akasema mabaharia wa Sur nao waligombana hivi hivi mashine za dizeli zilipoanza kuingia kwenye sambuki. Wapo waliotia mashine wakabakisha tanga. "Waliobakisha tanga," akasema, "walifika hata mashine ilipokufa."

Aliagiza dikoda tatu. Tulipita tena Sur baada ya wiki saba, kwa jambo jingine kabisa, tukabisha hodi. Mbili zilikuwa zinafanya kazi. Ya tatu iliungua siku ya kwanza: mjukuu alikuwa ameitia kwenye kimoja cha vile 5 vya zamani, akiamini ameitenga mota, na kulikuwa na waya mmoja wa chini ya chasisi hakuuona. Riali 38 moshi. Babu yake hakumgombeza. Alimpa pasi ya risasi na kichwa kile kilichokufa, akamwambia akifungue chote, akitaje kila kipande.

Na hapo ndipo tuliposikia kitu ambacho hatukukisikia mara ya kwanza. Kijana huyu hasemi Kiswahili. Wazazi wake walimlea kwa Kiarabu, skuli kwa Kiarabu na Kiingereza. Lakini babu hajui majina ya vyombo vya treni kwa Kiarabu, hakuyahitaji maishani. Anayajua kwa Kiswahili cha stesheni. Basi kijana alikuwa ameinama juu ya meza akisoma kama mtoto wa chuoni: gurudumu, ekseli, breki, behewa, gadi.

"Gadi ni nini, babu?" akauliza, na swali lenyewe alilisema kwa Kiswahili.

Mzee akaichukua simu ya mjukuu, akaishika kwa mikono miwili isitetemeke, akagusa kioo. Kwenye mzunguko wa nje dizeli ikanguruma papo hapo ilipo, ikajikaza, kisha mabehewa sita yakavutwa moja baada ya jingine kuelekea njia panda aliyoichora kwa mkono, mkono mmoja umeandikwa Kisumu, wa pili Eldoret.

"Gadi," akasema, "ni yule anayepanda behewa la mwisho. Kesho tutamtengeneza."

Mama wa nyumba akatuambia kiyoyozi kimeshanunuliwa.