KASWENDE NGOZINI NA MAPAFUNI

Watu wengi hudhani kwamba kaswende ni ugonjwa wa tupu tu, na kidonda kikipona basi yamekwisha. Sivyo. Kidonda cha kwanza hutokea yapata majuma 3 baada ya kuambukizwa, nacho hakiumi, hata pengine mwenyewe hana habari nacho. Kisha hupona bila ya dawa. Lakini vijidudu vyake, vilivyogunduliwa Berlin mwaka 1905 na Mabwana Schaudinn na Hoffmann, vimekwisha kuingia damuni, na baada ya majuma au miezi michache hujionyesha ngozini.

Hapo mwili hutoka vipele au mabaka, na kwa kawaida hayawashi. Tazameni hasa viganja vya mikono na nyayo za miguu, kwa maana vipele vingi vya namna nyingine havifiki huko. Huenda nywele zikanyonyoka kwa viraka na tezi zikavimba. Jirani akiyaona mabaka husema ni ukoma, naye mgonjwa hutengwa. Wengine husema amenaswa na tego la mume wa mtu, nao humpeleka kwa mganga wa kutegua.

Ni nadra ugonjwa huu kushuka mapafuni, lakini hutokea. Mgonjwa hukohoa na kifua humwuma, au hasikii neno lolote, na picha ya eksirei huonyesha vivimbe. Tabibu asiyemvua mgonjwa shati aweza kudhani ni kifua kikuu au saratani, na mtu akameza bure dawa za miezi 6.

Basi hutambulikanaje? Hapana alama moja itoshayo. Damu hupimwa, lakini damu peke yake haiamui: mwenye buba naye huonyesha jibu lile lile, na mtu mmoja aweza kuwa na kaswende na kifua kikuu pamoja. Kwa hiyo makohozi nayo hupimwa. Kisha hupigwa sindano ya penisilini, dawa iliyoanza kutibu kaswende mwaka 1943, na picha hupigwa tena; vivimbe vikitoweka, shaka huondoka.

Walimu na wazee wawaambie watu neno moja zaidi. Siku ile ya sindano mgonjwa aweza kushikwa na homa na baridi, akadhani dawa imemdhuru, asirudi tena. Homa hiyo yatokana na vijidudu vinavyokufa, nayo hupoa kwa muda wa siku moja. Arudi, tena aje na mkewe.