Klachi ya Baiskeli ya Injini: Tazama Waya Kwanza

Jioni moja ya msimu wa karafuu nilikuwa nikirudi kutoka konde na gunia la karafuu mbichi nyuma ya baiskeli yangu ya injini. Nilipofika penye mlima injini ikanguruma kwa nguvu zake zote, lakini baiskeli haikwenda. Nikaisukuma mpaka nyumbani, nikafika usiku mkubwa, na karafuu zikalala ndani ya gunia. Kila mwanachama ajua mwisho wa jambo hilo: karafuu mbichi zikirundikwa hupata moto na kuvunda, na hata zikianikwa hutoka nyeupe-nyeupe na nyepesi.

Siku ya pili fundi alinitilia pedi mpya za klachi. Nikalipa, na ubovu ukabaki ule ule. Kumbe waya ulikuwa umekazwa kupita kiasi! Dawa yake ilikuwa spana moja na dakika tano. Basi naona yafaa kila mwenye chombo hiki ajue mambo machache, asije akapata khasara kama yangu.

Injini ninazozisema ni zile ndogo kutoka China, zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili, ambazo hufungwa katika baiskeli ya kawaida. Ukivuta mkono wa klachi kwenye usukani, waya huvuta mkono mdogo ulio upande wa kushoto wa injini. Mkono huo husukuma ufito wa chuma upitao ndani hata upande wa kulia, na ufito huisukuma sahani ya klachi iachane na pedi. Hapo injini na gurudumu haviko pamoja tena. Ukiachia, springi huirudisha sahani ikabana pedi, na mambo yote hushikana.

Maradhi ya klachi ni mawili: kuteleza na kung'ang'ania. Kuyajua ni rahisi. Zima injini, vuta mkono wa klachi, kisha sukuma baiskeli. Yapasa iende wepesi. Ikiwa nzito na injini inazunguka, klachi inang'ang'ania. Halafu achia mkono, usukume tena kwa nguvu. Sasa injini yapasa izunguke. Gurudumu likienda na injini imetulia, klachi inateleza.

Kwa maradhi yote mawili, anza na waya. Mkono wa usukani ukiwa umeachiwa, waya uwe na ulegevu wa kama milimita 2 karibu na injini. Ukikazwa mno, sahani haibani sawasawa, na klachi huteleza. Ukilegea mno, sahani haiachani na pedi, na klachi hung'ang'ania. Tazama pia kama nyuzi zake zimekatika, au kama umekwama ndani ya ala yake kwa kutu.

Waya ukiwa mzima na klachi bado inateleza, fungua kifuniko cha upande wa kulia. Mara nyingi mtu hutia grisi nyingi katika meno ya gia, nayo hurukia pedi. Futa grisi, safisha pedi kwa petroli kidogo, na zikiwa zinang'aa zipitishe msasa taratibu. Fanya kazi hii mbali na moto, na mbali na majamvi ya karafuu. Ukirudisha grisi, kiasi cha punje ya kunde chatosha.

Ikiteleza bado, iko nati ya katikati yenye meno kama ua, imezuiwa na skurubu ndogo. Toa skurubu, kaza nati jino moja tu, urudishe skurubu, kisha ujaribu. Usisahau skurubu hiyo, kwani bila yake nati hulegea njiani. Pedi zikiwa zimekwisha kabisa, hapo ndipo ununue mpya.

Ama klachi inayong'ang'ania na waya ni sawa, tazama upande wa kushoto. Huenda ule mkono mdogo umekauka na wataka grisi, au ufito umelika, au gololi iliyo pamoja nao imepotea. Tandika kitambaa chini kabla ya kufungua, na ukumbuke vilivyopangwa. Ubovu huu usiuchelewe, kwa sababu ni khatari: chombo kisichoachana na injini hakisimami upesi mbele ya mtoto anayekatiza njia.

Mwisho, mlimani isaidie injini kwa miguu, wala usishike klachi nusu nusu huku umepakia gunia, kwani pedi huungua. Na ujaribu klachi kabla wachumaji hawajapanda mikarafuu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.