Kode ya programu za afya: vijana wa Beni na Butembo wanaweza kuikagua hata umeme ukikatika

Tarehe 8 mwezi wa kumi 2021, wizara ya afya ilitangaza kwamba Ebola imerudi Beni, safari hii katika eneo la Butsili. Ulikuwa mlipuko wa 13 katika historia ya Kongo. Hata miaka miwili haikuwa imepita tangu ule mkubwa, ulioanzia Mangina na kuenea Beni na Butembo, utangazwe kuisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020, ukiwa umeua watu 2,287. Wauguzi walirudia kazi waliyoizoea: kuandika majina, kuhesabu, kufuata kila aliyekutana na mgonjwa.

Mwezi huohuo taarifa nyingine ilitoka mbali na Kivu, bila kelele. Ilihusu DHIS2, programu inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ambayo ndiyo msingi wa SNIS, mfumo wa taifa wa habari za afya hapa Kongo. Hesabu za malaria, za chanjo na za uzazi zinazoandikwa kwenye madaftari ya vituo vya afya huishia humo. Taarifa ilisema kwamba matoleo ya 2.34, 2.35 na 2.36 yana kasoro katika sehemu inayoitwa Tracker, ile inayofuata mtu mmoja mmoja badala ya jumla. Mtu mwenye akaunti angeweza kutunga ombi la hila, na hifadhidata ingemjibu mambo asiyoruhusiwa kuyaona. Kasoro ilipewa namba CVE-2021-39179. Mwaka 2022 ikatangazwa nyingine ya aina hiyohiyo katika programu hiyohiyo, namba CVE-2022-24848.

Kasoro si wizi, na watengenezaji walitoa marekebisho. Lakini marekebisho hufanya kazi pale tu mwenye seva anapoyaweka, na kabla ya hapo lazima kuwe na mtu aliyekaa akasoma kode. Kode, si kodi ile ya serikali: ni yale maandishi ambayo programu imeundwa nayo.

Watu wa Butembo hawahitaji kufundishwa uzito wa jina la mgonjwa. Wakati wa mlipuko mkubwa, waliopona walirudi mitaani wakakuta baadhi ya majirani wanawakwepa. Mwezi wa pili 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 mwezi wa nne mwaka huo, daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani aliuawa ndani ya hospitali ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Imani kati ya raia na wenye kushika madaftari ilikuwa nyembamba kama karatasi. Daftari la karatasi likiibwa, limeibwa moja. Hifadhidata ikifunguliwa, zinafunguka fishi zote kwa pamoja.

Hila yenyewe ni rahisi kuielewa. Muuguzi anamtumia mtunza fishi kikaratasi: "Niletee fishi ya Kavira." Mtunza fishi anasoma na kuleta. Siku moja mtu anaandika mahali pa jina: "Kavira, na fishi zote za wengine." Mtunza fishi asiyejua kutofautisha jina na amri ataleta kabati zima. Ndivyo inavyotokea programu inapochukua maneno ya mtumiaji na kuyaunganisha moja kwa moja na swali linalopelekwa kwenye hifadhidata. Dawa yake inajulikana tangu zamani: jina lipite katika njia yake, amri katika yake. Tabu ni kwamba katika programu kubwa, mahali maneno yanapoingilia na mahali yanapoleta madhara panaweza kutengana kwa mafaili kumi au ishirini. Jicho la binadamu huchoka njiani.

Hapo ndipo vyombo vya kuchambua kode vinapoingia. Kimojawapo ni CodeQL. Kilitokana na Semmle, kampuni iliyozaliwa Oxford, Uingereza, mwaka 2006, ambayo GitHub iliinunua mwezi wa tisa 2019. Badala ya kusoma kode kama maandishi, CodeQL huigeuza kuwa hifadhidata, kisha mtu anaiuliza maswali. Swali linaweza kuwa hivi: nionyeshe kila njia ambamo neno lililotoka kwa mtumiaji linafika kwenye swali la hifadhidata bila kuchujwa. Kwa lugha ya Java, ambayo ndiyo imebeba sehemu ya seva ya DHIS2, swali hilo limeshaandikwa na linakuja pamoja na chombo.

Na kode ya DHIS2 ni ya wazi. Mwanafunzi wa enfomatiki wa Graben mjini Butembo, au wa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili, UCBC, kilichoanza Beni mwaka 2007, anaweza kuichukua leo bila kuomba ruhusa ya mtu. Masharti ya CodeQL yanaruhusu kuitumia bure kwa kode ya wazi na kwa utafiti wa chuo. Kode ya siri ya kampuni ni jambo jingine: hiyo inalipiwa, na ni vizuri kijana anayefanyia kazi duka au kampuni alijue hilo mapema.

Wengi hukutana na CodeQL kupitia Visual Studio Code, programu ya kuandikia kode, ambako kuna kiongezo chenye vitufe vya kubofya. Ni njia nzuri ya kujifunzia. Lakini kiongezo hicho chenyewe, nyuma ya pazia, kinaita chombo kilekile cha dirisha jeusi, yaani terminali. Kwa mtu wa Beni au Butembo, ambako umeme una saa zake na mega zinanunuliwa kidogo kidogo, inafaa kushuka hadi huko chini. Vitufe havionyeshi kila kitu ambacho chombo kinaweza.

Kazi inakwenda kwa hatua mbili. Kwanza, codeql database create hutengeneza hifadhidata kutokana na kode. Chaguo la --language husema ni lugha gani, na --source-root husema kode iko kwenye folda gani. Pili, codeql database analyze huuliza maswali na kuandika majibu. Kifurushi kamili cha chombo huja na maswali ya kawaida ndani yake. Ni kizito, mamia ya mega, kwa hiyo ni cha kupakua mara moja mahali penye mtandao mzuri na kugawana kwa flash. Baada ya hapo maswali hayahitaji intaneti hata kidogo. Waliokuwa hapa wakati intaneti ilipofungwa nchi nzima kuanzia tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, karibu siku 20, wanaelewa faida yake.

Kwa Java kuna mtego. Zamani CodeQL ilidai programu ijengwe kwanza, na kuijenga ni kupakua maktaba nyingi kutoka mtandaoni. Tangu 2024 kuna chaguo la --build-mode=none, linaloruhusu Java isomwe bila kujengwa. Hata hivyo chombo bado kinaweza kutafuta maktaba mtandaoni, na yasipopatikana majibu hupungua ubora. Hatua hii ya kwanza, basi, ndiyo ya kufanyia pale penye mtandao.

Je, umeme ukikatika? Ukikatika katikati ya hatua ya kwanza, hifadhidata iliyobaki nusu haina faida. Amri inarudiwa pamoja na --overwrite ili ya zamani ifutwe. Katika hatua ya pili mambo ni mepesi zaidi. CodeQL huhifadhi ndani ya hifadhidata majibu ya kila swali lililokwisha, na amri ikirudiwa huyaruka maswali hayo na kuendelea na yaliyobaki. Anayetaka yote yaanze upya ndiye anayeongeza --rerun. Kwa hiyo maswali 100 yanaweza kugawanywa katika jioni tatu za batri. Yaonekana waliotunga tabia hiyo walikuwa wanafikiria kuokoa muda, si kukatika kwa umeme, lakini huku imekuja kama zawadi.

Mashine nayo ina mipaka yake. GitHub inashauri kumbukumbu ya giga 8 kwa kode isiyozidi mistari 100,000, na giga 16 inapokaribia milioni. Kompyuta nyingi za mtumba hazifiki huko. Chaguo la --ram, linaloandikwa kwa mega, huwekea chombo kikomo ili kisimeze kumbukumbu yote na kuigandisha mashine. Chaguo la --threads husema kazi igawanywe kwa viini vingapi. Lisipoandikwa, kinatumika kimoja tu, na likiwekwa 0 vinatumika vyote. Vyote ni haraka, lakini batri nayo huisha haraka. Usiku, kwa batri ya sola, kimoja kinaweza kuwa chaguo la busara.

Kuna njia nyingine, ya kugawana kazi. Amri ya codeql database bundle hufunga hifadhidata nzima katika faili moja la zip. Mwenye mashine yenye nguvu Beni anaweza kutengeneza hifadhidata na kuituma kwa flash hadi Butembo, kilomita zipatazo 54 kwenye barabara ya taifa namba 2, na rafiki yake akauliza maswali bila kugusa intaneti. Tahadhari ni moja: ndani ya hifadhidata kuna nakala ya kode yenyewe. Kwa kode ya wazi kama ya DHIS2 hakuna tatizo. Kwa kode ya mteja, flash hiyo ni siri ya mtu ndani ya mfuko wa msafiri.

Majibu nayo yana sura mbalimbali. Ukiandika --format=sarif-latest, unapata faili ambalo Visual Studio Code inaweza kulifungua na kuonyesha njia nzima, kutoka mlango wa kuingilia hadi mahali pa hatari. Ukiandika --format=csv, unapata jedwali la kufungua kwa Excel. Jina la faili linawekwa kwa --output. Ujumbe wote ni wa Kiingereza, jambo linalowapa wanafunzi wa UCBC nafuu kidogo kuliko wenzao waliosoma kwa Kifaransa tu.

Jambo ambalo matangazo ya chombo hiki hayalipigii kelele ni kwamba PHP haimo katika lugha zake, wala Dart, ambayo ndiyo lugha ya Flutter. Hiyo si kasoro ndogo kwa vijana wanaotengenezea maduka na shule programu za PHP. Wao watafute Psalm, chombo cha wazi ambacho kwa chaguo la --taint-analysis hufuata maneno ya mtumiaji kwa namna ileile, na hakihitaji mashine kubwa. Wa Dart wana dart analyze, ambayo inakuja na lugha yenyewe, ingawa haifuati njia ya maneno kwa undani huo.

Na hakuna chombo kati ya hivi kinachojua nia ya mwenye programu. Ikiwa malipo ya simu yanahesabiwa mara mbili kwa sababu mtu alikosea kuwaza, kode inaweza kuonekana safi kabisa. Kinyume chake, chombo kinaweza kupiga yowe mahali pasipo na hatari. Kila jibu linafuatwa kwa mkono, mstari kwa mstari, mpaka mtu aridhike kwamba njia ile inapitika kweli.

Ikipitika, kazi inayofuata haifanyiki kwenye kundi la WhatsApp. Kasoro ya kweli huandikiwa watengenezaji kwa siri, pamoja na toleo lililokaguliwa, faili, mstari na njia yote, na wanapewa muda wa kurekebisha kabla ya kutangaza. Kwa anayeanza, zoezi zuri ni kuchukua toleo la DHIS2 la kabla ya marekebisho ya 2021 na lile la baadaye, kuyauliza yote mawili swali lilelile, kisha kuyaweka majedwali mawili ya csv kando kwa kando na kutazama ni mistari gani imetoweka.