Seva Ilipogoma Kuwaka, na Hadithi za Bibi Zikiwa Ndani

Marehemu mama yangu hakupenda kupiga simu za video. Alipenda kurekodi. Kutoka Tanga aliwatumia wanangu hadithi za sungura na fisi, na nyuma ya sauti yake unamsikia jogoo wa jirani. Zote nilizihamishia kwenye seva kuukuu niliyonunua ikiwa imeshatumika, ambayo tumeiweka chini ya ngazi hapa nyumbani, Uingereza. Picha zetu za harusi nazo zimo humo.

Seva hiyo ilikuwa na memori ya gigabaiti 4 tu, na watoto wakifungua picha inakwama. Nikaagiza vipande viwili vya gigabaiti 8 kila kimoja, vilivyotumika, bei poa. Jumamosi moja, siku yangu ya mapumziko, nikatoa kipande cha zamani, nikaweka vile viwili, nikabonyeza kitufe. Feni zikavuma. Skrini ikabaki nyeusi, na mlio ukawa unajirudia. Nikazima, nikawasha tena. Mambo ni yale yale.

"Mama, hadithi za bibi zimepotea?" binti yangu akauliza.

Sikuwa na nakala nyingine. Simu yangu ya zamani, iliyokuwa nazo, iliibiwa. Nikampigia mdogo wangu aliyeko Muscat, ambaye hutengeneza kompyuta.

"Dada, tulia kwanza," akasema. "Hadithi haziko kwenye memori, ziko kwenye diski. Memori ni kama meza ya kufanyia kazi. Umeme ukizimwa, inabaki tupu. Sasa rudisha kile cha zamani, kwenye nafasi ile ile kilipokuwa."

Nikazima, nikachomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, kisha nikagusa chuma cha kasha kabla ya kushika kitu. Nikarudisha kipande cha zamani. Seva ikawaka. Nilikaa pale chini ya ngazi nikavuta pumzi.

"Basi mashine ni nzima," akasema. "Nisomee lebo zote mbili."

Cha zamani kiliandikwa PC3-12800E. Vipya viliandikwa PC3-12800R. Vinalingana urefu na kasi, vyote ni DDR3, lakini herufi ya mwisho ndiyo iliyoniponza. E ni memori inayosahihisha makosa na haina rejista. R ina rejista, yaani chipu ya ziada kati ya memori na prosesa. Seva nyingi kubwa hutumia R, lakini seva ndogo kama yangu inakubali E peke yake. Aina hizi mbili hazichanganywi. Mimi ambaye kazini situndiki damu kabla ya kukagua lebo, nyumbani nilikuwa sijasoma hata moja.

Nikaagiza vipande sahihi. Safari hii nikaanza na kimoja: kikakubali. Nikaongeza cha pili: mlio ukarudi. Kumbe kilikuwa hakijaingia sawasawa. Nikakitoa, nikakirudisha, nikakandamiza pande zote mbili mpaka vibano vikalia "tik". Skrini ikachelewa kuja, nikamwachia muda, kwa sababu seva hukagua memori yake kabla ya kuendelea. Ikasoma gigabaiti 16. Usiku ule niliiacha na programu ya Memtest86+ ikipima memori hadi asubuhi. Hakukuwa na kosa hata moja.

Ndugu msomaji, ukitaka kuongeza memori kwenye mashine ya zamani, tafuta kwanza mwongozo wake: inakubali aina gani, kiasi gani mwisho, na nafasi ipi inajazwa kwanza. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Kipande cha zamani usikitupe wala kukiuza kabla kipya hakijathibitika. Ikiwa saa ya mashine inarudi nyuma kila ukichomoa umeme, badilisha pia ile betri ya duara. Mara nyingi ni CR2032, na bei yake ni ndogo.

Na kabla ya yote hayo, toa nakala. Ya kwangu sasa iko kwenye diski ya nje, na nyingine nimempelekea dada yangu Tanga. Juzi alinipigia akicheka: yule jogoo wa kwenye hadithi bado yupo, na bado anawika kabla ya wakati.