Mbona Malipo ya Asubuhi Hayapo kwenye Taarifa Fupi?

Tuseme una kibanda cha mahamri na mbaazi pale steji ya Waa, kando ya barabara ya Likoni kwenda Ukunda. Jioni kijana wa boda anapita, unamkumbusha deni lake la shilingi 300. Anakujibu, "Mama, si nilikutumia asubuhi?" Meseji za asubuhi ulishazifuta, simu ilikuwa imejaa. Unaomba taarifa fupi, unaisoma yote: 300 yake haipo. Hapo ndipo maneno huanza.

Kabla hujamwita mwongo, hebu tuone hiyo taarifa hutengenezwa vipi.

Kutoka rekodi nyingi hadi ujumbe mmoja

Kila ukilipwa, mfumo huandika rekodi moja kwenye hifadhidata: nambari ya muamala, saa, kiasi, aliyetuma na salio. Kila rekodi iko peke yake, kama samaki waliomwagwa kwenye sinia. Ukiomba taarifa, mfumo hutafuta rekodi zako, huzipanga kwa muda, kisha huziunganisha kama mvuvi anavyotunga samaki kwenye kamba mpaka apate mtungo mmoja. Kati ya rekodi huwekwa alama ili zisichanganyike. Mfano:

18:10 +60, 17:45 +150, 17:20 -500

Rekodi tatu, ujumbe mmoja.

Kwa nini nyingine hukosekana

Kamba ina urefu wake. SMS moja hubeba herufi 160 tu. Ujumbe ukizidi hapo hugawanywa vipande vya herufi 153, kwa sababu nafasi zinazobaki hutumika kuiambia simu yako namna ya kuviunganisha tena. Hata hifadhidata zenyewe zina mipaka: MySQL, kwa kawaida, hukata orodha iliyounganishwa ikipita baiti 1,024, isipokuwa mafundi waongeze kiwango hicho.

Kwa hiyo taarifa fupi huchukua miamala michache ya mwisho tu. Ukiwa umepokea malipo mengi mchana, ya asubuhi yamesukumwa nje ya mtungo. Lakini hayajapotea! Rekodi bado iko kwenye hifadhidata, na pesa iko kwenye salio lako.

Ufanye nini basi?

1. Omba taarifa kamili ya siku hiyo, siyo taarifa fupi. Hiyo ndiyo inayoonyesha kila muamala.
2. Mwombe mteja nambari ya muamala iliyo kwenye meseji yake, kisha uitafute kwenye taarifa yako. Kila muamala una nambari yake.
3. Usikubali meseji iliyofowadiwa peke yake kama ushahidi. Maandishi mtu yeyote anaweza kuyaandika. Rekodi kwenye mfumo hawezi.
4. Ukipiga simu huduma kwa wateja, taja nambari ya muamala. PIN yako usimpe mtu, hata akisema anatoka kwetu.

Pengine kijana alilipa kweli, pengine alituma kwa nambari isiyo yako. Taarifa kamili itasema. Shilingi 300 zitarudi kwa kuuza mahamri ya kesho, lakini mteja wa kila siku uliyemwita mwongo mbele ya steji nzima si rahisi kumrudisha.